Ngozi Kutoka Ng'ambo ya Mto

Hisae alisikia harufu kabla hajaona kitu. Alikuwa anatoka sokoni na matawi ya msonobari ya kupamba mlango wa duka kwa mwaka mpya, viatu vyake vya mbao bado viko miguuni, na pale pale kizingitini pua ikamwambia: humu ndani kuna sabuni ya kufulia, kuna maji ya moto, na kuna ngozi inayoungua polepole.

"Chizuru!"

"Abee, Mama!" Mkwe wake akatokea nyuma ya pazia, kitambaa cheupe kichwani, mikono ya kimono imefungwa juu kwa kamba, uso unang'aa kwa ile furaha ya mtu aliyefanya kazi bila kutumwa. Ilikuwa siku ya usafi mkuu, ule wa kufunga mwaka, ambao kila nyumba mjini hutoa hata mikeka nje na kuipiga fimbo. "Nimemaliza vioo, nimemaliza viti, mabeseni yote nimesugua. Hata mkanda wa wembe nimeufua. Mama, ulikuwa mweusi ule! Maji yalitoka kama wino."

Mkanda ulikuwa umeanikwa juu ya jiko la makaa. Umejikunja ncha zote mbili kama ngisi aliyewekwa motoni, na katikati umefanya mawimbi.

Sasa, mtu asiyekaa na vinyozi anaweza kudhani mkanda ni mkanda. Lakini wembe wa kinyozi, hata unolewe juu ya jiwe zuri namna gani, haugusi uso wa mtu mpaka upitishwe kwanza juu ya ngozi, kwenda na kurudi, ili ule ukali wenye meno madogo madogo ulale na uwe laini. Ngozi ndiyo inayougeuza wembe kutoka kisu kuwa kitu cha kumgusia mtu koo. Na hii iliyokuwa juu ya makaa Hisae aliilea kwa kiganja chake tangu mwanawe Tokuji ananyonya. Ule weusi aliousugua Chizuru haukuwa uchafu. Ulikuwa ni miaka.

"Nani kakwambia uufue?"

"Lakini Mama, si kila juma nakuona unaupaka sabuni?"

"Povu! Povu la kunyolea, la kiganjani, kidogo tu, kama mtu anavyompaka mtoto mafuta. Wewe umeutia kwenye beseni la soksi!"

Chizuru alitazama mkanda, akatazama beseni, akapiga magoti na kuweka paji la uso chini. Tangu aolewe mwezi wa maua alikuwa akifagia, akiosha vichwa vya wateja na kuchemsha taulo. Cheti cha ukinyozi alikuwa nacho, lakini wembe hakuwa amepewa bado.

Hisae alitamani kupiga kelele. Akaangalia mgongo ule unaotetemeka, akaweka chini matawi yake.

"Inuka," alisema. "Ukilia hapo utalowesha sakafu, na umeshaipangusa."

* * *

Kosa lenyewe lingetokea mwezi mwingine wowote, lisingekuwa na uzito huo. Lakini hakuna mwanamume anayetaka kuingia mwaka mpya na ndevu za mwaka wa zamani. Siku zile za mwisho duka la Hisae hujaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi, na mteja aliyenyolewa vizuri mwisho wa mwaka hurudi mwaka mzima. Aliyenyolewa vibaya naye anakumbuka. Na mwaka huo, karibu na stesheni, palikuwa pamefunguliwa duka jipya lenye taa ndefu nyeupe na televisheni, watu wananyolewa huku wanatazama mieleka.

Kesho yake asubuhi aliingia Bwana Kuwabara, muuza pombe ya mchele na mwenyekiti wa chama cha wenye maduka, mtu mwenye kidevu kipana na ndevu ngumu kama za brashi ya viatu. Hisae alikuwa amejaribu kuunyoosha mkanda kwa kuulaza chini ya magunia ya mchele. Aliupitisha wembe juu yake, ukatoa mlio kama mtu anayekwaruza sufuria. Akapitisha tena kwenye kipande cha turubai kinachoning'inia pamoja nao. Akajipa moyo, akaanza.

Shavu la kushoto lilipita kwa shida. Alipofika chini ya taya, Bwana Kuwabara akafungua macho.

"Mama Hisae, unaninyoa au unaning'oa?"

"Samahani sana, Bwana. Vumilia kidogo."

"Nimevumilia vita, nimevumilia njaa. Hii siiwezi." Akainuka. Watu waliokuwa wakingoja wakashusha magazeti yao. "Uzee hauna dawa, Mama. Kule stesheni kuna kijana ana mkono mwepesi."

"Bwana, bado upande mmoja..."

"Huo upande watamalizia wao."

Akatoka hivyo hivyo, shavu moja jekundu na jingine limejaa povu, akakatiza barabara kuu mchana kweupe, na kila muuza samaki na kila mke wa mtu akamwona alikotoka na anakokwenda. Ndani ya duka, kijana mmoja akakohoa, akasema amekumbuka jambo nyumbani. Wengine nao wakakumbuka mambo yao.

Hisae aliufuta wembe, akaukunja. Kisha akaandika karatasi kwa wino na kuibandika mlangoni: *Kukata nywele tu. Ndevu tutawaarifu.*

* * *

"Si ununue mwingine Osaka?" Tokuji aliuliza jioni. Walikuwa wameketi watatu kwenye meza yao fupi yenye makaa chini na blanketi juu, miguu ndani, bakuli za supu mkononi. Tokuji hakurithi kazi ya nyumbani. Damu ikimtoka mtu yeye huanguka, kwa hiyo alikwenda kufanya kazi kiwanda cha viberiti.

"Yule wa Osaka amekwisha funga. Mpaka mwaka uanze."

"Basi ndiyo hivyo."

"Ndiyo hivyo," Hisae alisema. "Wateja wakishazoea televisheni, unadhani watarudi kunitazama mimi?"

Chizuru hakuwa amegusa chakula. Nyuma yake, pembeni, kifurushi chake cha nguo kilikuwa kimefungwa tayari, na wote wawili walikuwa wamekiona na kujifanya hawakukiona.

"Mama," alisema, "ng'ambo ya mto wanazitengeneza ngozi hizo."

Tokuji akaweka vijiti chini.

Upande ule wa mto waliishi watu wa ngozi. Tangu enzi za mababu wao ndio waliochuna wanyama waliokufa na kuzidabagha ngozi zao kwa maganda ya miti zisioze, na kwa hiyo walihesabiwa kuwa wachafu. Watu wa upande huu hawakuoa kule wala hawakunywa chai ya kule. Serikali ilikwisha sema zamani kwamba watu wote ni sawa, na ubao wa tangazo hilo ulioza na kuanguka, lakini hakuna mtu wa ng'ambo aliyewahi kukaa kwenye kiti cha Hisae. Hakuna aliyewafukuza. Ilijulikana tu.

"Kule?" alisema Tokuji. "Watu watasema nini?"

"Na ile ya Osaka ilitoka wapi?" Chizuru aliuliza, bado ameinamisha kichwa. "Inatoka hapo hapo ng'ambo, inapanda treni, inapigwa muhuri Osaka, halafu inarudi kwetu imeshakuwa na adabu."

Tokuji alicheka kabla hajajizuia. Hisae hakucheka, ila alimtazama mkwe wake kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Fungua hicho kifurushi," alisema. "Kesho utahitaji koti zito."

* * *

Daraja lilikuwa na barafu nyembamba. Chini yake, kwenye maji ya kina kifupi, ngozi zilikuwa zimelazwa zikiloweka, zimezuiwa kwa mawe, na wanaume wamesimama mtoni mpaka magotini kama vile si majira ya baridi. Hisae alivuta skafu juu ya pua. Kisha akaona kuwa Chizuru hakuvuta yake, akaishusha.

Mzee Iwakichi aliwapokea uani. Alikuwa mfupi, mikono yake ya rangi ya kahawia hadi viwikoni kwa maji ya maganda ya miti, na kidevuni ana mkwaruzo mbichi. Hakuuliza wanataka nini. Kwanza alileta chai, akaiweka mbele yao juu ya sinia, akarudi nyuma hatua moja na kungoja, kwa uso wa mtu aliyekwisha kuona chai yake ikipoa mara nyingi.

Chizuru alikichukua kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho, akasema, "Mzee, kama ipo nyingine, mikono yangu imeganda."

Hisae naye akanywa. Ilikuwa chai nzuri, tena ya shayiri iliyokaangwa vizuri kuliko yake.

Hisae akaeleza habari ya mkanda, na Iwakichi akatoa vipande. Vyote vilikuwa ngozi ya makalio ya farasi, kwa sababu hapo ndipo farasi ana ngozi iliyoshikana kuliko ya ng'ombe yeyote, na kila kimoja alikikung'uta hewani kabla ya kukilaza ubaoni.

"Chagua," Hisae alimwambia mkwe wake.

"Mimi, Mama?"

"Wewe ndiye uliyeua. Zaa."

Chizuru alianza na kile kilichong'aa, kama ambavyo angeanza mtu yeyote. Hisae akauma midomo. Chizuru akakigeuza, akakipinda kidogo kati ya vidole, akapitisha mgongo wa mkono wake, si kiganja, mgongo, kule ambako ngozi ya mtu ina hisia. Akakirudisha. Kina mafuta mengi, wembe ungeteleza tu bila kushikwa. Cha pili akakiinua kwenye mwanga akaona mstari hafifu wa mshipa, kama mto kwenye ramani. Akakirudisha. Cha tatu kilikuwa na kovu la mjeledi upande mmoja. Alilishika kovu kwa kidole muda kidogo, kama anayempa pole farasi, kisha akakilaza taratibu. Cha nne kilikuwa kizito ncha moja kuliko nyingine. Mzee Iwakichi aliacha kutazama ngozi akawa anamtazama yeye.

Mwishoni alichukua kipande kisichovutia hata kidogo, cha rangi ya chai iliyopungua majani. Akafumba macho akakiweka shavuni.

"Mzee, farasi huyu alikuwa anavuta nini?"

"Mkokoteni wa magogo. Amekufa kwa uzee."

"Hakuwahi kunenepa?"

"Angenenepea wapi! Alikuwa kama mimi."

"Basi ngozi yake haikuwahi kutanuka ikalegea," Chizuru alisema. "Hiki, Mama."

Hisae alikipapasa. Alikikuta kikavu bila kuwa kigumu, sawasawa pande zote, na kinamvuta kidole kidogo tu, kama mtoto anayekushika upindo wa nguo asitake uondoke. Yeye mwenyewe angekichagua hicho hicho, na asingeuliza kuhusu farasi.

"Umejuaje?"

Chizuru akaona haya. "Nimeziwazia kama mashavu, Mama. Nikatafuta shavu ambalo ningependa kulinyoa."

Iwakichi alitaja bei, bei ya haki, na Hisae akalipa. Mzee akaanza kukifunga kipande kwenye karatasi, halafu mikono yake ikasimama.

"Na jambo moja, Mama Kinyozi. Siku ya mwisho wa mwaka, mchana, nitakuja kunyolewa. Kwa mlango wa mbele."

Mtoni mtu alikuwa akiimba. Hisae aliwaza viti vyake, na ngazi yake, na Bwana Kuwabara akikatiza barabara na povu.

"Huku mnanyolewa na nani?" aliuliza, ili kupata nafasi ya kuvuta pumzi.

"Tunanyoana wenyewe. Mwanangu ana mkono wa kuchuna." Akaonyesha mkwaruzo kidevuni. "Nisipokwepa, anaweza kunidabagha."

Chizuru akacheka. Hisae hakuweza.

"Siku hiyo foleni huwa ndefu," alisema.

"Nitapanga."

Angeweza kusema hapana, ngozi alikuwa amekwisha lipia. Mzee alijua hivyo, ndiyo maana alingoja malipo kwanza, ndipo aseme.

"Basi njoo," alisema Hisae.

* * *

Ngozi mpya haijui kitu. Inabidi ifundishwe, na kwa kawaida hufundishwa kwa misimu. Wao walikuwa na siku chache tu.

Waliikata ikawa ndefu na nyembamba, wakaitandaza juu ya ubao, na Chizuru akaibingirishia chupa ya pombe iliyojaa maji ya moto, kwenda na kurudi, akiilalia kwa uzito wake wote mpaka vinyweleo vilale. Kisha povu la kunyolea, zito, kiasi cha kujaa kijiko, likisuguliwa kwa kiganja mpaka linywewe lisionekane. Kisha kiganja kitupu.

"Kwa nini tusitumie kitambaa?" Chizuru aliuliza. Bega lilikuwa linamuuma.

"Kitambaa kina joto?"

"Hakina."

"Kina mafuta yake?"

"Hakina, Mama."

"Basi umejijibu. Tone moja la mafuta ya kwato za ng'ombe, jioni, kwa kidole. Moja. Ukitia mawili nitakurudisha kwenu kweli."

Ndipo Hisae alipoona mambo. Chizuru alisugua asubuhi, alisugua wali ukichemka, alisugua akizungumza na muuza tofu dirishani. Akienda kisimani aliivaa ile ngozi ndani ya koti lake la pamba, tumboni, ili isipoe. Majirani walimcheka, wakasema mke wa Tokuji ana mimba ya farasi. Tokuji akalalamika mezani, "Nimeoa mwanamke, sasa nalala na mnyama," na Hisae akacheka mpaka supu ikamwingia puani. Viganja vya Chizuru viliwiva, kimoja kikachubuka, akabadilisha mkono akaendelea.

Alikuwa na jambo ambalo halifundishiki: hakuisukuma ngozi. Aliingojea. Ikivuta, alipunguza mkono, ikilegea, aliongeza. Hisae alifundishwa hilo kwa kupigwa vidole na mume wake, na bado lilimchukua miaka. Aliketi jikoni akimenya figili, akisikiliza tu. Siku ya kwanza mlio ulikuwa kwaru, kwaru. Siku iliyofuata ukawa kama mtu anayeburuta kandambili. Halafu ukaanza kupungua, ukawa pumzi.

"Mama, jaribu."

Hisae alichukua wembe uliopitishwa, akaunyoa unywele wa mkononi mwake. "Bado."

Baadaye tena. "Bado. Unanyanyua mgongo wa wembe unapougeuza. Ubiringishe, usiunyanyue."

Mara ya mwisho nywele ziliondoka zenyewe, kama vumbi linalopulizwa. Haukuwa mkanda wa zamani. Ule wa zamani ulikuwa kama kuzungumza na ndugu, na huu ulikuwa bado mgeni mwenye adabu. Lakini ulishika.

Hisae aliukunja wembe. Alikwenda mlangoni akaibandua ile karatasi.

* * *

Siku ya mwisho wa mwaka duka lilijaa. Habari ilikuwa imeenea kwamba ndevu zimerudi, na kwamba kule stesheni foleni imefika barabarani na televisheni imeharibika. Hisae alinyoa tangu asubuhi. Kufikia mchana kidole gumba kilianza kufa ganzi, akawa anakificha ndani ya taulo.

Mlango wa mbele ukateleza. Mzee Iwakichi aliingia amevaa koti la sherehe, bado lina mikunjo ya sandukuni. Akainama kwa wote.

"Shikamooni. Nani wa mwisho?"

Watu wakainamia magazeti yao. Kisha mtu mmoja, mshona mikeka, akasema polepole, "Mimi." Iwakichi akaketi baada yake. Wawili waliokuwa jirani wakainuka, wakavaa viatu, wakatoka bila kuaga. Mmoja alikuwa akija hapo tangu mume wa Hisae yu hai.

Hisae alikuwa ameomba kimoyomoyo mzee asije. Sasa aliona aibu kwa ombi hilo, na bado alikuwa anaogopa.

Mshona mikeka alipokuwa kitini, akaingia Bwana Kuwabara, plasta imebandikwa shingoni, analaani stesheni nzima. Akaona benchi. Akaona nani ameketi.

"Mama Hisae," alisema kwa sauti ya mikutano ya chama, "huyu akimaliza natangulia mimi, au siyo?"

"Foleni, Bwana."

"Ninayo haraka."

"Leo kila mtu ana haraka."

"Sikiliza, Mama." Akashusha sauti, lakini duka lilikuwa dogo. "Nikiondoka mimi, chama kizima kinaondoka. Unajua."

Alijua. Mshona mikeka akashuka, akalipa, akasimama karibu na mlango asitoke, kwa sababu hakutaka kukosa kuona litakalotokea. Iwakichi alikuwa ameinuka nusu, mikono magotini, tayari kuketi tena au kwenda zake, lolote atakaloambiwa. Uso wake ulikuwa uleule wa siku ya chai.

Hisae akaangalia kidole chake. Kisha akaufungua wembe, akaugeuza, akamnyooshea mkwe wake kwa mpini.

"Chizuru. Mkaribishe mteja."

Chizuru akabadilika rangi. "Mimi, Mama?"

"Ngozi si yako?"

Chizuru akafuta mikono iliyochubuka. Akaupitisha wembe juu ya mkanda, ukibiringishwa kila mwisho, bila kunyanyuliwa, na duka zima likasikiliza mlio ule kama pumzi ya mtu aliyelala. Mzee Iwakichi akalaza kichwa nyuma. Alifumba macho kwa nguvu mwanzoni, kwa kukumbuka mkono wa mwanawe, halafu taratibu kope zikalegea. Wembe ulikwenda chini ya taya, pale pabaya, ukapita. Hapakuwa na hata alama. Alipoinuka alijipapasa kwa mgongo wa mkono, shavu moja, shavu la pili, akarudia.

"Mwanangu hatanitambua," alisema. Akalipa, akainama, akatoka kwa mlango wa mbele.

Bwana Kuwabara alikuwa bado amesimama. Jua lilikuwa limeanza kushuka, stesheni foleni ni ndefu, na ndevu zake zilikuwa mahali pake. Alikitazama kiti.

"Basi angalau badilisheni hilo taulo la kulazia kichwa," alisema.

"Taulo linabadilishwa kila mtu akiondoka, Bwana," Hisae alisema. "Hata ukiondoka wewe."

Mshona mikeka akakohoa ndani ya kiganja. Bwana Kuwabara akawa mwekundu, akavua koti, akaketi kwa kishindo. Chizuru akatandika taulo jipya, akamwekea usoni taulo la moto, akaanza kukoroga povu bila haraka.

Birika lilikuwa limekauka. Hisae akalichukua akaenda nyuma kuchota maji. Alijaza polepole, akasimama kidogo uani kwenye baridi, na hakugeuka kuchungulia.